Nywele Zimepungua, Sasa Unyoe Vipi?

Ukikaa nusu siku tu kwenye saluni ya Nyamuswa au ya Bunda mjini, hutakosa kumwona dada anayevua kilemba, anageuza kichwa pembeni na kumwonyesha msusi sehemu ya juu ya sikio. Hapo palikuwa na nywele. Sasa ni ngozi inayong'aa, na vinywele vichache laini kama vya mtoto mchanga. Swali lake ni moja: "Dada, hapa unaweza kunifichia?" Msusi anajibu kwamba inawezekana, maana ndiyo kazi inayomlisha. Anazikusanya zile chache zilizobaki, anazivuta, anaziunga na rasta, na pengo halionekani tena. Miezi miwili baadaye rasta zinafumuliwa na pengo limekua.

Leo tuongee kuhusu njia ya pili, ile ya mashine. Kunyoa. Siyo kunyoa kwa kukata tamaa, ni kunyoa kwa hesabu: urefu gani, wapi pabaki, wapi pashuke, na kwa nini kichwa chenye nywele chache huonekana kimejaa zaidi kikinyolewa fupi. Wanaume mnaoona paji la uso linapanda juu kila mwaka, msiondoke. Ninyi pia mmo humu.

Nyepesi au chache?

Tunaposema "nywele zangu nyepesi" huwa tunachanganya mambo mawili. Moja ni idadi. Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000 hivi, na kwa wastani sisi wenye asili ya Afrika huwa na pungufu ya hapo. Kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida kabisa, kwa hiyo zile unazoziona kwenye kitana zisikutie homa.

Jambo la pili ni unene wa unywele mmoja mmoja, na hapa hesabu ya darasani inashangaza kidogo. Chukua unywele wenye kipenyo cha maikromita 80, yaani sehemu 80 kati ya 1,000 za milimita. Ukipungua hadi 40 utasema umebaki nusu. Sivyo. Eneo la duara linategemea kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo unywele huo umebaki robo. (Unywele wa kipilipili si duara kamili, umebonyea kama yai, lakini hesabu haibadiliki sana.) Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na nywele karibu zote alizokuwa nazo zamani na bado ngozi ya kichwa ikaonekana. Hazijang'oka, zimekonda.

Kabla ya kumwambia kinyozi chochote, jua kwanza zimepungua wapi. Mwombe mtu akupige picha nne kwa simu, nje, kwenye mwanga: mbele, pembeni mara mbili, na utosini. Nywele ziwe kavu na hazina mafuta. Picha hizo zina kazi mbili, ya kuchagua mnyoo na ya kujua chanzo, kwa sababu mahali zilipopungua pana siri yake.

Zikipungua kwenye ukingo, yaani kuzunguka paji la uso na juu ya masikio, mshukiwa wa kwanza ni mvuto. Siyo uchawi, wala si "damu mbaya". Kifuko cha unywele kilichoko ndani ya ngozi kinavutwa kila siku na msuko uliokaza, kinavimba, kinatoa unywele mwembamba, kisha mwembamba zaidi, na mwishowe mahali pake panajaa kovu. Tatizo hili si la Waafrika peke yao. Mwaka 1907 daktari Trebitsch alilieleza kwa wanawake wa Greenland, waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kukaza. Kwetu lakini limekuwa kubwa. Nchini Afrika Kusini, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walipochunguza vichwa vya watu Cape Town walilikuta kwa asilimia 17.1 ya wasichana wa shule, na kwa wanawake watu wazima lilifika asilimia 31.7. Yaani karibu mwanamke mmoja kati ya watatu. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosuka juu ya nywele zilizowekwa dawa, na hilo linaeleweka: dawa ya kunyoosha huvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele nguvu, halafu unaubebesha mzigo wa rasta.

Fikiria safari ya nywele ya binti wa Mara. Shule nyingi za serikali hutaka wasichana wawe na nywele fupi, kwa hiyo mpaka kidato cha nne kichwa kimepumzika. Akimaliza mtihani tu, kila kitu kinakuja kwa mpigo: dawa, rasta, wigi lenye gundi, mabutu ya kukaza. Akifika miaka 28 ukingo umerudi nyuma vidole viwili, na anaamini amerithi kwa bibi.

Dalili za mapema ni maumivu na vipele vidogo kwenye mizizi siku moja au mbili baada ya kusuka. Ukihitaji Panadol ili ulale baada ya kutoka saluni, msuko huo umekaza mno. Msusi akisema "vumilia, kesho patalegea", anasema kweli: patalegea, kwa sababu vifuko vimesogea kutoka mahali pake. Habari njema ni kwamba katika hatua hii nywele hurudi ukiacha kuvuta. Ngozi ikishakuwa laini, inang'aa, na vitundu vya nywele havionekani tena, hakuna mafuta ya mnyonyo yatakayozirudisha. Hapo katikati ndipo uamuzi wa kunyoa unapokuwa na thamani, maana nywele fupi hazivutiki.

Zikianzia utosini kwa mwanamke na kupanuka kama sahani, pamoja na kuwasha au kuuma, hiyo ni habari nyingine. Kuna ugonjwa unaoacha makovu utosini ambao huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na mwaka 2019 watafiti waliuhusisha na mabadiliko kwenye jeni iitwayo PADI3, inayosaidia kuujenga unywele. Huu usiufiche kwa mnyoo wala kwa wigi. Uende hospitali mapema, kwa sababu dawa husimamisha tu, hazifukui kilichokwisha kufukiwa.

Mwanaume ambaye nywele zinarudi nyuma pande mbili za paji na kutoboka utosini amerithi vifuko vinavyoisikia sana homoni ya dihaidrotestosteroni. Mwanamke anaweza kurithi hali hiyo pia, ila kwake ukingo wa mbele hubaki na mstari wa katikati unapanuka. Na kama zimepungua kichwa kizima kwa ghafla, hesabu nyuma miezi miwili mitatu: ulijifungua? Uliugua malaria kali? Ulifanyiwa upasuaji? Mshtuko wa namna hiyo huzipeleka nywele nyingi kwenye hatua ya mapumziko kwa pamoja, na zinadondoka kwa pamoja baadaye. Hizi hurudi zenyewe mara nyingi. Upungufu wa damu nao uko kwenye orodha, pamoja na matatizo ya tezi ya shingo. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba ni mapunye mpaka ithibitike vinginevyo. Hayo yanahitaji vidonge, kupaka peke yake hakutoshi, na mashine iliyomnyoa isiguse kichwa kingine kabla ya kusafishwa.

Kwa nini fupi huonekana nyingi

Sasa tuje kwenye fizikia, sehemu ninayoipenda.

Unachokiona unapomtazama mtu mwenye nywele chache si nywele zilizokosekana. Macho hayawezi kuona kisichokuwepo. Unaona ngozi ya kichwa, na unaiona kwa sababu inarudisha mwanga tofauti na nywele. Kwa hiyo kazi ya mnyoo mzuri ni kupunguza tofauti kati ya sehemu yenye nywele na sehemu isiyo nazo. Ukiishika hoja hii, mengine yote unaweza kuyakisia mwenyewe.

Unywele wa kipilipili ukiwa mfupi, tuseme milimita 6, unajikunja na kusimama peke yake, na mviringo wake unafunika kieneo kidogo cha ngozi. Unywele wa singa wa urefu huohuo unafunika mstari tu. Hapo kipilipili kina faida ya kuzaliwa nayo. Ukiuacha urefuke, unaanza kushikana na majirani zake na kufanya vifurushi, na kati ya kifurushi na kifurushi ngozi inabaki wazi. Idadi ni ileile, ila mpangilio umebadilika. Mafuta mengi yanafanya hivyohivyo: tone la kimiminika huzivuta nywele zishikane, kama brashi ya rangi inavyojikusanya ncha ikiloa. Mtu mwenye nywele chache anayezimwagia mafuta zing'ae anajiongezea mapengo kwa mkono wake, na ile ngozi yenye mafuta inarudisha mwanga kama kioo.

Halafu kuna jua letu. Nyamuswa iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Saa saba mchana mwanga unashuka karibu wima, unapita katikati ya nywele mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana picha iliyopigwa kwenye harusi mchana inakuonyesha una nywele chache kuliko kioo cha chumbani asubuhi. Picha haijakusingizia, na kioo nacho hakijakudanganya. Ni pembe ya mwanga tu.

Rangi nayo. Ngozi nyeusi chini ya nywele nyeusi ni bahati, kwa sababu tofauti ni ndogo. Mzungu mwenye nywele nyeusi na ngozi nyeupe anaonekana upara mapema kuliko wewe mwenye pengo la ukubwa uleule. Bahati hiyo unaitupa ukizipaka nywele fupi rangi ya dhahabu. Mtindo huo unapendeza kwa mwenye nywele nyingi. Kwa mwenye mapengo, kila pengo linageuka doa jeusi kwenye kitambaa cha njano. Na ukitaka kutia weusi kwa piko, jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio na usubiri siku mbili, maana kemikali iliyomo huwavimbisha baadhi ya watu uso mzima.

Mwambie kinyozi nini

Vinyozi wanazungumza kwa namba, na namba zina maana halisi. Kitana cha mashine namba 1 huacha milimita 3, namba 2 huacha 6, namba 3 karibu 10, na namba 4 karibu 13. Ukisema "punguza kidogo" umemwachia yeye. Ukisema "juu namba 2, pembeni namba 1, shusha taratibu", mmeelewana.

Kama ukingo ndio ulioliwa, ningekushauri kichwa kizima kiwe kati ya namba 1 na namba 2, bila tofauti kubwa ya juu na pembeni. Sehemu iliyopungua ina nywele za milimita chache. Ukizishusha jirani zake zifike hapohapo, mpaka kati yao unafifia. Na hapa naomba umkatalie kinyozi jambo moja ambalo atataka sana kulifanya: kuchonga mstari wa mbele kwa wembe. Mstari mkali unatangaza nywele zinaanzia wapi. Isitoshe, ili aupate ulionyooka inabidi akate zile chache za mbele, na wiki mbili baadaye anakata tena nyuma kidogo. Nimeshaona paji la uso la kijana wa miaka 25 likipanda kwa namna hiyo, akilaumu ukoo. Ukingo laini, usiochongwa, hausemi lolote.

Utosi ukiwa ndio mwepesi, kanuni inageuka: pembeni pashuke zaidi kuliko juu. Jicho linapima kwa kulinganisha. Pembeni pakiwa namba 1 au chini ya hapo, na juu namba 2, zile za juu zinaonekana nzito hata kama si nzito. Kosa ninaloliona kwa wazee wetu wengi, na nalisema kwa heshima, ni kuziacha za pembeni na kisogoni zikue ili kufidia. Hazifidii. Zinatengeneza ukuta mweusi kuzunguka uwanja mtupu. Denge na kiduku vilevile havifai hapa, kwa kuwa mitindo hiyo yote miwili inaita macho yaje juu, palepale usipotaka yatazame.

Zikiwa nyepesi kichwa kizima bila kuchagua, usikimbilie kipara. Namba 2 au 3, sawa kote, bila mafuta mengi, inatosha.

Dada mwenye nywele za dawa ana hatua moja ya ziada. Pale ambapo nywele mpya za asili zinakutana na zile zilizonyooshwa, unywele una nguvu mbili tofauti na hukatika hapohapo. Ukinyoa, nyoa mpaka dawa yote iishe. Kubakiza ncha zilizonyooka kwa kuzionea huruma kunakuachia nywele zinazolala juu ya zile zinazosimama, na ngozi inaonekana katikati.

Kuhusu umbo la uso, zile chati za "uso wa yai, uso wa mraba" mimi sizipi uzito mkubwa. Lililo na mantiki ni dogo: ukishusha pembeni uso unarefuka, ukiacha pembeni unapanuka. Mwenye uso mwembamba na paji refu asishushe pembeni mpaka sifuri. Hereni na kola ya nguo zitafanya kazi kubwa kuliko chati hizo.

Panga pia kurudi. Utafiti wa Loussouarn uliochapishwa mwaka 2001 ulipima nywele za vijana wa Kiafrika na kukuta zinakua wastani wa maikromita 256 kwa siku, wakati za Wazungu zilikuwa 396. Kwa mwezi hiyo ni karibu milimita 8 dhidi ya 12. Kwa hiyo mnyoo wa namba 2 baada ya mwezi umekuwa milimita 14, umeshaanza kufanya vifurushi. Wiki mbili hadi tatu ndio muda wake. Nauli na pesa ya kinyozi bado ni ndogo ukilinganisha na rasta.

"Nyoa, zitarudi nzito"

Hili nimelisikia tangu utoto na bado nalisikia. Si kweli. Mwaka 1928 Mildred Trotter wa Marekani alipima nywele za ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa na hakukuta kwamba kunyoa kunazifanya ziwe nene au zikue haraka. Sababu ni rahisi: unywele unaouona nje umekwisha kufa, unatengenezwa chini ndani ya kifuko, na wembe haufiki huko. Zinapotoka huwa zinachoma mkononi kwa sababu ncha ya asili iliyochongoka imekatwa na kubaki butu. Kwa hiyo nyoa kwa ajili ya sura, nyoa kupumzisha ukingo, lakini usinyoe ukisubiri muujiza wa unene.

Cha kuangalia zaidi ni usafi. Mashine inayokwaruza mpaka damu inaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B kutoka kichwa hadi kichwa. Nenda na mashine yako au angalau hakikisha inasafishwa kwa spiriti mbele yako. Na mwenye vipele sugu kisogoni asinyolewe mpaka kwenye ngozi. Unywele uliojikunja ukikatwa chini sana unaingia tena ndani ya ngozi, unavimba, na baadaye unaacha makovu magumu yasiyoota nywele. Mwambie kinyozi aache walau milimita 3.

Yatasemwa

Sayansi imeishia hapa, lakini wewe utarudi nyumbani. Kwa baadhi ya familia za Kanda ya Ziwa kunyoa kichwa ni sehemu ya msiba, hivyo mwanamke aliyenyoa ghafla ataulizwa sokoni: "Pole mwenzetu, umefiwa na nani?" Mwingine hataulizwa chochote, watanong'ona tu kuhusu kupima. Sidhani kama ni haki kumwambia mtu apuuze, kwa sababu maneno hayo yana uzito kwa anayeishi nayo, hasa kijijini ambako kila mtu anamjua kila mtu. Wapo wanaopunguza kwa hatua: kwanza kuacha rasta na kukaa na nywele zao zilizofungwa kwa ulegevu mwezi mmoja, halafu namba 4, halafu namba 2. Kichwa kinapungua polepole na majirani wanazoea polepole. Mume au mama mkwe akiambiwa kabla, kwa sababu ya wazi ya kiafya, huwa mtetezi mzuri kuliko akikuta imeshatokea. Na kilemba bado kipo, ila kiwe chepesi na kisifungwe kwa kukaza palepale unapopapumzisha.

Kama pengo linauma, linawasha, linatoa usaha au linakua kwa wiki chache, mnyoo usubiri. Anza na kituo cha afya upimwe damu na uombe rufaa. Nchini tuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi, na wataalamu waliopita hapo wapo katika hospitali mbalimbali. Minoksidili ya kupaka, ambayo ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, inasaidia baadhi ya aina za upungufu lakini inataka miezi mitatu hadi sita kabla hujaona kitu, na haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha bila ushauri wa daktari.

Zile picha nne usizifute. Baada ya miezi mitatu piga nyingine mahali palepale, saa ileile, nywele zikiwa na urefu uleule wa namba uliyochagua. Kwenye ukingo tafuta vinywele vifupi vyeusi vilivyoanza kusimama. Vikiwepo, usikubali mtu avivute.